Dereva wa Kengele

Sisi wa Bukoba tulimwita Dereva, na tuliendelea kumwita hivyo miaka yote ambayo hakuwa na kitu cha kuendesha. Watu walimcheka, lakini si mbele yake. Alikuwa na namna ya kukukazia macho bila kupepesa, mpaka ukajiona wewe ndiye uliyesimama katikati ya barabara.

Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa koti la kaki lenye vifungo sita vya shaba. Nilivihesabu siku ya kwanza nikapata sita. Nikavihesabu tena siku ya mwisho nilipomwona amelivaa, nikapata sita. Katika yote niliyowahi kuhesabu kuhusu mtu huyu, vifungo tu ndivyo havikupungua.

Gari aliloendesha lilikuwa la Kiingereza, wakati Waingereza wenyewe bado wana bendera yao bomani. Jina lake halisi lilikuwa majina mawili ya ukoo yaliyofungwa pamoja kwa kistari, na ndimi zetu za Kihaya ziliyakataa yote mawili. Puani lilikuwa na kengele ndogo ya fedha, ukubwa wa yai la kuku. Basi tukaliita Kengele, na kampuni yake tukaiita Kengele, na hakuna aliyepotea njia kwa hilo. Mwenye gari alikuwa mnunuzi mkubwa wa kahawa mwenye nyumba mtaa wa Nshambya. Nitamwita Tajiri, kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuitwa. Alilinunua mwaka ambao bei ya kahawa iliwapandisha watu wengi vichwa. Lilikuja kwa meli kutoka Kisumu, limefungwa turubai kama mgonjwa, na Dereva akaja nalo kutoka Nairobi, alikokuwa amepelekwa miezi mitatu kujifunza. Alirudi na koti, kitabu cha gari, na imani.

Hiyo imani ndiyo ninayotaka kuieleza, maana koti mtu yeyote anaweza kuvaa.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza makopo na chupa sokoni, na pembeni nilikuwa dalali wa chochote kilichohitaji mtu wa katikati. Dereva alipomaliza kazi alikuja kukaa juu ya gunia langu, akaanza historia. Nimeisikia mara nyingi kuliko katekisimu. Kwamba waanzilishi walikuwa mtu na shemeji yake, mafundi wa kengele za kanisa. Kwamba mtu aliyezoea kusikiliza kengele hujua chuma kilichopasuka kabla jicho halijauona ufa. Kwamba gari lao la kwanza walimtengenezea askofu asiyevumilia kelele. Kwamba kila injini, kabla ya kufungwa, ilining'inizwa kwa mnyororo na kugongwa kwa nyundo ya mti, na ikitoa sauti ya mashaka inarudishwa tanuruni. Kwamba lodi mmoja aliweka glasi ya maji juu ya boneti, akavuka nchi nzima, akafika akainywa. Kwamba mfalme mmoja wa Bara Hindi, chuma kilipomkatikia porini, fundi alitumwa kwa meli na chuma kimoja ndani ya mkoba. Akakifunga, akapewa chai, akarudi kwao.

"Na malipo?" niliuliza.

"Hakuna malipo. Mwenye Kengele halipi mara mbili."

Mimi nimezaliwa nikilipa mara mbili, kwa hiyo nilisikiliza kwa heshima.

Siku moja mama mmoja muuza senene alimkatiza. "Hiyo kengele yenu ya puani inalia?"

"Hailii."

"Sasa ni ya nini?"

"Mama, ya kanisani inalia kwa sababu watu hawaji. Hii watu wanakuja wenyewe."

Mama akacheka mpaka akamwaga kikombe kimoja cha senene. Dereva hakucheka. Hakuwa akitania.

Gari aliliosha kwa maji ya mvua tu, yale ya mtoni akisema yanaharibu rangi. Kengele aliisugua kwa majivu na limau. Hakuruhusu mtu aegemee ubavu wa gari. Alikuwa Mlutheri asiyekosa ibada, lakini katika sala ya kuwaombea wasafiri alifumbua macho na kutazama dirishani, kama gari bado lipo chini ya kivuli. Alikuwa mtu wa kweli, asiyeweza kukudanganya uzito wa mkungu wa ndizi, na bado nilimsikia akiwadanganya watu watatu mfululizo kwamba Kengele haijawahi kupata pancha. Nilikuwepo ilipopata. Nilishika jeki.

Malori aliyadharau. "Gari bovu huongea," alisema, "gari zuri hunyamaza." Alisema hivyo bandarini, kanisani na mbele ya madereva wa malori, ambao walimsubiri tu.

Siku waliyoisubiri ilifika barabara ya Muleba.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi Bukoba: Tajiri kiti cha nyuma, Dereva kwenye usukani, na mimi mbele nimepakata kuku wawili wa Tajiri, kwa sababu nilipewa lifti na lifti ina kazi zake. Kilima cha kwanza, nikasikia kitu kinagonga. Pigo moja, kimya, pigo moja.

"Nini hicho kinagonga?" Tajiri aliuliza.

"Kokoto, bwana. Zinarukia chini."

Tukapita mahali pasipo na kokoto. Kikagonga.

"Na sasa?"

"Ni kuku," alisema Dereva.

Niliwatazama kuku. Walikuwa wamelala.

Hapo angesimama. Nimewauliza mafundi wawili, kila mmoja kwa siku yake, na wote wamesema hivyo: angesimama kilima cha kwanza, angezima, gari lingevutwa mpaka mjini na kufunguliwa, na mambo yangeishia kwenye bomba la mafuta lililoziba. Lakini kusimama kulikuwa ni kukiri kwamba amesikia. Mtu aliyeuambia mji mzima kwamba gari zuri hunyamaza angesikia vipi? Akaongeza mwendo ili tusisikie. Kilima cha pili mapigo yakawa mawili mawili. Nilikuwa nayahesabu. Na mimi ningeweza kusema, lakini tungesimama ningetembea kwa miguu. Kwa hiyo kwenye gari lile tulikuwa watatu wenye masikio mazima, na kila mmoja na sababu yake ya uziwi.

Kilima cha tatu kitu kikapasuka, mafuta yakamwagika barabarani nyuma yetu kama mstari wa karani, na Kengele ikanyamaza kweli.

Dereva alishuka, akazunguka, akarudi. "Haijaharibika," alisema. "Imepumzika."

Ilivutwa na lori la kahawa mpaka Nshambya. Dereva wa lori hakusema neno lolote la kumcheka, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Fundi Singasinga wa mjini aliifungua, akatoa chuma kimoja kilichokatika vipande viwili, urefu wa mkono wangu toka kiganja mpaka kiwiko. Alisema hicho hakipo Bukoba, hakipo Nairobi, labda Uingereza. Kisha akasema anaweza kuing'oa injini nzima akaweka ya lori, gari likatembea kabla ya mwezi kwisha. Dereva alimtazama kama mtu aliyependekeza tumbandike bibi harusi ndevu.

Akaandika barua kiwandani. Hakujibiwa. Akaandika tena. Hakujibiwa. Akakaa na kitabu cha gari siku mbili, akaja kwangu na ukurasa wa mwisho ameukunja. Palikuwa na ahadi, na alinisomea kwa Kiswahili chake: kila mwenye Kengele, popote alipo duniani, atahudumiwa muda wote wa maisha ya gari lake.

"Umeona? Mwenye. Mimi nimeandika kama dereva. Hawawezi kumjibu dereva."

"Basi Tajiri aandike."

Tajiri tulikuwa tumeshamwomba. Alisema, "Watu walichukua fedha zangu, niwape na stempu?" Alikuwa ameshanunua gari jingine, la kawaida, lenye kelele, na alikuwa na furaha nalo.

Hivyo ndivyo Dereva alivyofikia hesabu yake: ili kiwanda kimjibu, lazima awe mwenye gari. Na kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa Tajiri badala ya gari kilikuwa kibanja cha baba yake, kijijini Buganguzi.

Kwetu kibanja si shamba tu. Ni migomba na mibuni ndiyo, lakini baba yako amelala humo, nyuma ya nyumba, na babu yako nyuma yake. Cha ukoo hakiuzwi ukoo haujaambiwa. Na humo alikuwa anaishi mama yake, mjane, aliyekuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na alilisema kwa kila aliyepita: azikwe kushoto kwa mumewe. Kulia palikuwa na mizizi.

Dalali wa mabadilishano hayo nilikuwa mimi. Naliandika hili mapema kabla mtu mwingine hajalisema.

"Umemwambia baba yako mdogo?" nilimuuliza.

"Nitamwambia likishatembea."

"Na mama?"

"Mama atakaa na mimi Nshambya miezi mitatu. Ikizidi, minne. Chuma kinakuja, nalikodisha gari kwa maharusi, kila Jumamosi harusi, nanunua tena kibanja. Mama anarudi."

"Umehesabu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mimi huhesabu mara mbili."

"Wewe huuza makopo," alisema.

Tukaenda Buganguzi. Nilihesabu mimea ya mpaka, ile mimulamula iliyopandwa na babu yake, nikaihesabu tena. Migomba nilipata mia nne kumi na miwili, mara ya pili mia nne kumi na mitano, tukaandika ya kwanza. Mashahidi tuliwatoa mbali ili habari isitembee. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, Dereva hakuigusa. Udalali wangu ulikuwa mbuzi mmoja, naye alikuwa amekonda. Mara nyingi nimejiambia kwamba bila mimi angepata dalali mwingine. Ni kweli. Lakini huyo mwingine ndiye angekuwa anaandika haya.

Mama alihamia Nshambya na kitanda chake. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuagiza. Kila nilipopita aliniita.

"Mwanangu, wewe unayejua kuhesabu, zimekuja meli ngapi tangu nifike?"

"Kumi na moja, mama."

"Yeye ananiambia saba."

"Labda nyingine hazikuwa na barua."

"Meli ni meli," alisema, na akageuka kumwuliza mwanawe, aliyekuwa anasugua kengele, "Kibanja kinapaliliwa?"

"Kinapaliliwa, mama."

Ilikuwa kweli. Kilipaliliwa na vibarua wa Tajiri.

Kila siku ya meli Dereva alivaa koti lake, akashuka kwa miguu mpaka posta, akauliza, akarudi. Alipopita kwangu akienda nilimsalimu, akirudi sikumsalimu. Wote wawili tuliona ni adabu. Wakati huo gari lilikuwa limesimama chini ya banda la nyasi, juu ya magogo manne, linaoshwa kila Jumamosi kwa maji ya mvua. Usimcheke mtu huyu haraka. Siku hizo nilikuwa nikipita pale na kulitazama gari lile, jeusi, kimya, na hata mimi niliyelisikia likigonga nilikuwa najiuliza, itakuwaje kama chuma kweli kinakuja?

Baba mdogo alipata habari, kama ilivyokuwa lazima. Alikuja toka Buganguzi na wazee wawili, wakakaa ukumbini kwa Dereva. Hakugomba. Alisema ukoo una haki ya kukikomboa kibanja, baraza linaijua haki hiyo, na wameshachanga. Tajiri atarudishiwa gari lake kama lilivyo pamoja na kitu cha kumpoza, na mama atarudi nyumbani wiki hiyo hiyo.

Mama alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Sote tulijua anasikia.

"Barua iko njiani, tata," alisema Dereva, kwa neno letu la kumwita baba.

"Umejuaje?"

"Sasa naandika kama mwenye gari. Nikilirudisha leo, watajibu kwa nani?"

"Mwanangu, hiyo ni barua. Huyu ni mama yako."

"Meli ijayo, tata. Ikija mikono mitupu, nalirudisha."

Meli ijayo ilikuja mikono mitupu. Akaomba nyingine. Baba mdogo alikuja mara ya pili, na mara ya tatu hakuja. Haki ya kukomboa ina muda wake. Ukoo ukijua na ukanyamaza, baraza huhesabu kwamba umekubali. Fedha walizochanga wakazinunulia bati za kanisa.

Na barua ikaja.

Nitasema ilivyokuwa, maana wapo wanaodai haikuja kabisa na kwamba alikuwa mwendawazimu. Ilikuja, karatasi nzito, na kengele imechapwa juu. Kiingereza changu ni cha kuuzia chupa, kwa hiyo tulimpelekea karani wa posta, akasoma polepole, akisimama kila sentensi kututafsiria. Walimshukuru kwa uaminifu wake. Walisikitika kumjulisha kwamba kiwanda kiliacha kutengeneza magari tangu vita, na vyuma vya kumiminia sehemu zake viliyeyushwa wakati huo. Jina limenunuliwa na watu wengine, wanaotengeneza majiko, ndio hao walioandika barua, na ndani ya bahasha wameweka picha za majiko hayo. Hata hivyo wametazama katika vitabu vya zamani, na ni furaha yao kuthibitisha kwamba gari namba fulani lilitoka kiwandani likiwa kamili, na sasa wameandika kwamba mwenyewe ni yeye, wa Bukoba, Tanganyika.

Kumbe historia yote ile, askofu, lodi, mfalme wa Bara Hindi, ilikuwa inasimuliwa juu ya gunia langu wakati wenyewe wameshafunga mlango na kuondoka. Sifa ilikuwa bado iko safarini. Kiwanda kilikuwa kimekufa hata kabla Tajiri hajalipia. Gari alilonunua lilikuwa mabaki ya dukani Nairobi.

Karani akamrudishia karatasi. Dereva akaikunja.

"Wameniandika," aliniambia tulipotoka nje.

"Wamesema hakuna chuma."

"Nimesikia. Lakini namba yangu iko kwenye kitabu chao."

Tukashuka naye mpaka sokoni.

Mvua za vuli mama akaanza kuvimba miguu. Tulimpeleka hospitali ya Rubya kwa basi. Masista walimtunza vizuri, wakasema moyo umechoka na hakuna dawa ya hilo. Akamwambia mwanawe, "Nirudishe mahali pangu sasa." Dereva akatoka wodini, mimi nikamfuata, tukaenda mpaka Nshambya kwa Tajiri.

Hakuketi. Alisimama mlangoni kama alipokuwa akisubiri kuambiwa safari ya leo ni wapi.

"Bwana, naomba nafasi ya kaburi moja. Kibanja ni chako. Naomba kaburi tu."

Tajiri alitikisa kichwa. "Waitu, ndugu yangu, hilo nitalitoaje? Leo namzika mama yako pale. Kesho wajukuu wanakuja kupalilia kaburi. Keshokutwa baraza linaniuliza mimi nafanya nini kwenye makaburi ya watu. Baba yako nilimkuta, huyo sina la kusema. Lakini la pili litakuwa la kwangu kuliruhusu, na hapo nimekirudisha kibanja kwa mkono wangu."

"Basi chukua gari, unirudishie kibanja."

"Linatembea?"

Dereva akageuka kutazama upande wa banda la nyasi.

"Sikukatalii," alisema Tajiri. "Likitembea, lete."

Hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, tena kwa maneno machache zaidi.

Mama alikufa Rubya Jumatano. Tulimzika makaburi ya kanisa, Nshambya, kati ya karani mstaafu na mtu ambaye msalaba wake ulikuwa umeanguka kwa hiyo hatukujua ni nani. Baba mdogo alikuja, akatupa udongo wake, akapita mbele ya Dereva bila kumpa mkono. Sijui kama mama alielewa mwishoni kwamba hataenda Buganguzi. Sista aliyekuwepo alisema aliuliza mara moja tu kama ameshafika.

Gari nililinunua mimi. Bati lake lilitoa vibatari vizuri, mipira ikawa makatambuga, na viti vilichukuliwa na kinyozi. Kengele ya puani sikuikuta, na sikuuliza.

Mara ya mwisho nilimwona Buganguzi, miaka kadhaa baadaye, nilipokwenda kutafuta kahawa. Tajiri alikuwa ameshamwachia kijana wake mkubwa kibanja kile, na kijana alitaka mibuni zaidi. Nilipita nyuma ya nyumba nikamkuta mtu anachimba mashimo, shati limechanika mgongoni. Alikuwa Dereva. Kibarua, kwa siku.

Tulisalimiana Kihaya, ile salamu ndefu, hakuna aliyeikata.

"Unachimba mangapi?" nilimuuliza, kwa sababu nilihitaji kuuliza kitu.

"Ishirini. Hili la kumi na nne."

Lilikuwa kushoto kwa kaburi la baba yake, hatua moja. Hakukuwa na mgomba pale, hakukuwa na kitu, udongo umefagiliwa. Nikaelewa ni nani alikuwa akipafagia miaka yote hiyo.

"Ungemwambia kijana akuruhusu uliruke hili."

"Amepima kwa kamba," alisema. "Likirukwa, mstari unapinda."

Alichimba mpaka kina kikamtosha, akapanguza mikono, akachukua mche mmoja toka kwenye kivuli. Akautazama mche, akalitazama shimo, kisha akanipa mimi.

"Mkono mmoja hautoshi. Shika wima."

Nikapiga magoti, nikaushika. Yeye akarudisha udongo kwa mikono yake, kidogo kidogo, akiushindilia kwa ngumi kuzunguka shina mpaka ukajaa.

"Sasa achia," alisema.

Nikaachia.